Fundi Kimya na Santuri ya Petero

Kasingirima, mtaa wa Ujiji, Hamdani wanamwita Fundi Kimya. Mgeni akilisikia jina hilo kisha akafika kwenye kibanda chake, atadhani ameelekezwa vibaya. Maana Hamdani anasema, jamani! Anasema na wateja, anasema na wapita njia, na wote wakikosekana anasema na redio aliyoifungua tumbo mezani: "Sasa wewe unaninunia nini? Nimekukosea wapi?" Kimya si chake yeye, ni cha spika anazozifunga. Akishafunga Hamdani, spika inakaa kama haipo mpaka mtu afungue kinywa. Hakuna filimbi, hakuna ile ngurumo ya chinichini inayofanya watu msibani watazamane.

Jina hilo lilizaliwa na aibu. Katika ujana wake aliitwa kufunga vipaza sauti kwenye Maulidi, mara yake ya kwanza mbele za watu. Sheikh mmoja mzee, mtu wa heshima zake, akasogea kwenye maiki, akasafisha koo, na kabla hajaitoa Bismillahi spika zikapiga ukelele hata mbuzi wa shughuli waliofungwa nyuma ya nyumba wakakata kamba. Watu walicheka wakashika mbavu. Na Ujiji hawasahau, wewe! Miaka na miaka Hamdani akipita njiani watoto wanamlilia "wiiiii!" mpaka anaingia ndani. Akaapa kwamba hakuna spika itakayopiga kelele tena chini ya mikono yake. Tangu hapo kelele kwake si kitu cha kawaida. Ni adui, na adui hutafutwa mpaka atolewe.

Sasa amevuka sitini. Kazi zimepungua, vijana wananunua vispika vya simu visivyo na waya hata mmoja, vikifa wanavitupa. Ulimi wake tu ndio haujapungua.

Basi siku moja bajaji ikasimama mbele ya kibanda, na mtu akaanza kushusha maboksi kwa uangalifu wa mtu anayeshusha mgonjwa. Alikuwa Mama Armelle, yaani Consolate wa Katubuka, anayenunua dagaa ufukweni Kibirizi boti zinapotua, akawaanika na kuwasafirisha. Hamdani alimfahamu, aliwahi kumtengenezea redio. Kwenye boksi moja mlikuwa na sabufa, ile spika kubwa na wenzake wawili wadogo, yenye umeme wake ndani. Kwenye la pili mlikuwa na gramafoni mpya. Bintiye Armelle, anayefanya kazi Dar es Salaam, ndiye aliyevituma vyote viwili.

"Gramafoni!" Hamdani akafurahi kama kaonana na ndugu. "Mama Armelle, siku hizi? Kwani umeanza uzungu?"

"Uzungu gani, Fundi. Washa usikie mwenyewe."

Akaunganisha kama ilivyokuwa imeunganishwa nyumbani kwake, akawasha. Mmmmmmm! Kibanda kizima kikavuma, kama umeingiza kichwa kwenye mzinga wa nyuki. Muuza karanga wa jirani akaziba masikio.

"Ndivyo inavyonifanya," Consolate akasema. "Kijana aliyenifungia alisema ni mbovu, nirudishe Dar. Mimi sina muda wa kurudisha kitu Dar."

Hapo akatoa, kutoka katikati ya vitenge viwili, kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Ilikuwa santuri, nyeusi, nzito, karatasi yake ya katikati imefifia. Binamu yake Feliksi, aliyebaki Burundi, aliiona kwenye stoo ya kanisa moja la zamani, akaitambua kwa jina lililoandikwa, akaituma na abiria wa boti kutoka Rumonge mpaka Kibirizi.

"Anayepiga humo ni baba yangu. Petero. Alikuwa mpiga inanga."

Inanga Hamdani alikuwa akiisikia kwa jina tu: ubao mpana uliochimbwa katikati kama sinia, ukatiwa nyuzi, mtu akaupakata. Yeye ni mtu wa Ujiji, mambo yake ni kaswida na miziki ya dansi. Akaipokea santuri kwa mikono miwili.

"Sijawahi kumsikia," Consolate akaendelea. "Mwaka ule wa mauaji Burundi, sabini na mbili, walikuja wakamchukua nyumbani, hakurudi. Mimi nilikuwa wa mgongoni. Mama akanivusha ziwa. Yeye habari za baba hazisemi. Nikimuuliza, ananiambia, 'Baba yako alipiga inanga,' basi, amefunga mdomo. Sasa masikio yake yanakufa, Fundi. La kushoto limekwisha kabisa, na la kulia daktari anasema halina safari ndefu. Nataka amsikie mumewe kabla halijafungwa. Na mimi nimjue baba yangu, hata kama ni vidole vyake tu."

Hamdani akaiweka santuri mezani. Akavuta kiti, akaikabili kazi.

Alianzia nyuma ya gramafoni, na hakuchukua muda akaanza kucheka. "Mama Armelle! Huu waya nani kaufunga hivi?"

Ulikuwa waya mwembamba wa kijani, umekunjwa vizuri na kubanwa kwa utepe.

"Mimi. Nilidhani ni kamba ya kufungia mzigo."

"Lo! Huu ndio ethi, mama. Huu ndio unaoziondoa takataka za umeme zisiingie kwenye sauti. Umeufunga kitanzi, takataka zitapita wapi? Lazima ziimbe!" Sabufa haikuwa na mahali pa kuushika waya huo, kwa hiyo akalegeza skrubu moja ya bati la nyuma, akauingiza chini yake, akakaza. Mvumo ukashuka, lakini haukwisha.

Akainama tena. Sauti inayotoka kwenye sindano ni ndogo mno, ni ya mbu. Ndani ya gramafoni ile mlikuwa na sehemu ya kuikuza kwanza, na swichi yake ya nyuma ilikuwa imezimwa. Ndiyo maana Consolate alikuwa akifungua sabufa mpaka mwisho ili asikie kitu, na anapoufungua muziki anaifungua na kelele pamoja. Hamdani akaigeuza swichi, akashusha sabufa, akaweka sindano.

Ting. Ting-ting, tong.

Consolate akashika ukingo wa meza. Nyuzi zile zilikuja polepole, za chini, zinazunguka na kurudi palepale kama mtu anayefikiri. Machozi yakamtoka na hakuyafuta. Hamdani akajifanya anatafuta bisibisi.

Lakini masikio ya fundi hayana likizo. Juu ya nyuzi kulikuwa na kitu. Shhh, shii-shii, shhh. Akasafisha santuri kwa kitambaa na maji ya sabuni kidogo, akaikausha. Shii-shii ikabaki. Akabadilisha waya za pini zinazopeleka sauti kwenye sabufa, akaisogeza simu mbali, akazima taa. Ikabaki. Tena alikiona kitu ambacho kilimkera: kelele ya umeme haipumziki, huvuma moja kwa moja. Hii ilikuwa ikipumua. Nyuzi zikipanda nayo inapanda, nyuzi zikinyamaza nayo inakatika.

Angesimama hapo akalifikiria jambo hilo, yasingemkuta yaliyomkuta. Lakini mtu aliyezomewa "wiiiii" ujana wake wote hakai akaisikiliza kelele. "Ni mikwaruzo," akatoa hukumu. "Santuri imepigwa sana, njia ya sindano imelika. Ndiyo inayosugua."

"Itatoka?"

"Mimi ni nani?"

"Basi itoe, Fundi," Consolate akasema. "Inanifunikia baba."

Hamdani akaleta ikwalaiza yake ya zamani, kile kisanduku cha vitufe vya kupandisha na kushusha, besi huku, trebo kule. Akakiweka kati ya gramafoni na sabufa. Akaanza kuvishusha vitufe vya juu kimoja baada ya kimoja, jicho kafumba, na shii-shii ikanywea, ikanywea, ikafa. Zikabaki nyuzi peke yake, laini, nene, safi. Kitu kimoja tu kilimshinda: karibu na mwisho wa upande ule kulikuwa na mlio mdogo, kh-kh, kavu. Alidhani ni mkwaruzo, lakini mkwaruzo santuri ikizunguka nao hurudi, tik, tik, tik. Huu ulikuja mara moja ukaenda zake. Akapasugua pale kwa sabuni mara ya pili, akapapuliza. Kh-kh. Akaona basi, kovu moja halimwondolei mtu uzuri.

"Umesikia hiyo?" akajigamba. "Hiyo ndiyo kazi."

Consolate alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Jumapili, baada ya misa, Hamdani akaenda Katubuka mwenyewe kuvifunga, maana hakuitaka aibu ya kijana yule mwingine. Bibi Irambona, mama yake Consolate, alikuwa amekaa mkekani chumba cha mbele, kadogo, kanyooka mgongo, kitenge kimefungwa begani.

"Shikamoo, Bibi!" Hamdani akapaza.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanifokea?"

Consolate akacheka. "Upande wa kulia ndio anasikia, Fundi."

Mama alikuwa hajaambiwa. Consolate aliogopa amwambie kisha mashine igome, iwe amemfukua marehemu bure. Bibi alijua tu kuna fundi anafunga muziki. Na muziki, bwana, ulivyowashwa ukaanza tena mmmm! Hamdani alitamani ardhi ipasuke. Akazunguka ukutani. Gramafoni ilikuwa imechomekwa soketi moja, na sabufa kwenye soketi ya upande wa pili, pamoja na friji. Akazitoa, akazileta zote kwenye ekstensheni moja, friji akaiacha huko na mambo yake. Mvumo ukakatika. Kisha sauti ilipopandishwa kabati likaanza kunguruma, kwa sababu gramafoni na sabufa zilikaa pamoja, spika inatikisa kabati, kabati linatikisa sindano, na sindano inairudishia spika mtikisiko uleule.

"Leteni kitu kizito," akasema.

Kikaletwa kinu cha kutwangia sombe, yaani kisamvu. Akakipindua chini juu, akatandika kitenge kilichokunjwa, akaiweka gramafoni juu yake. Ngurumo ikaisha. Akatazama vitufe vyake vya ikwalaiza: vyote viko pale alipoviacha. Akamtazama Consolate, naye akaitikia kwa kichwa, akakaa mkekani upande wa kulia wa mama yake.

Ting. Ting-ting, tong.

Bibi Irambona aligeuka. Si polepole kizee, aligeuka kwa ghafla kama mtu aliyeitwa jina. Akatazama spika, akatazama mlangoni. Mkono wake ukapanda mdomoni ukakaa hapo.

"Ni baba, mama," Consolate akamwambia sikioni. "Ni Petero. Feliksi aliipata."

"Ego," bibi akasema. Ndiyo. Akasikiliza, kichwa kimeinama, kidole kikigonga goti. Hamdani akaegemea ukuta, moyo umemjaa. Alisema moyoni, leo nimelipwa.

Kisha kidole kikasimama. Bibi akakunja uso, akalisogeza sikio lake zima karibu na spika. Akangoja. Akamgeukia binti yake.

"Petero ari hehe?"

Yuko wapi? Consolate hakuelewa. "Si huyu, mama. Anapiga. Husikii?"

"Nyuzi nazisikia. Mwenyewe yuko wapi?"

"Bibi, hiyo ndiyo santuri yote," Hamdani akaingilia, na jazba ikiwa imeshampanda. Kazi yake haijawahi kuulizwa hivyo. "Nimeisafisha mwenyewe. Hamna mtu mwingine humo."

"Yumo," bibi akasema. "Inanga haipigwi na mtu aliyefunga mdomo. Sauti yake ni ndogo, ukiimba kwa nguvu unaiua. Kwa hiyo mwenye inanga hujishusha. Hunong'ona." Akaleta mdomo karibu na sikio la binti yake, akamwonyesha, pumzi tupu, maneno bila sauti: shhh, shii-shii, shhh.

Hamdani aliisikia kutoka pale ukutani alipoegemea. Wallahi, kuna aibu na kuna hii. Ile ya Maulidi alikuwa kijana asiyejua kitu, akachekwa, ikapita. Hii alikuwa na masikio yake mawili mazima, akamsikia mtu anapumua, akamwambia bintiye ni mikwaruzo, akamfuta, na akajisifu.

Consolate naye alikuwa amekwisha elewa. "Mimi ndiye niliyesema itolewe," akanong'ona. "Fundi, ni mimi niliyesema."

"Ulisema wewe, nikafanya mimi," Hamdani akajibu. "Nyamaza kwanza, mama. Nyamaza tumrudishe."

Akapiga goti mbele ya kisanduku. Akavipandisha vitufe alivyovishusha. Akanyanyua sindano, akairudisha mwanzo. Bibi Irambona alikuwa amekwisha jisogeza, shavu lake la kulia limegusa kitambaa cha spika.

Nyuzi zikaja. Na pamoja nazo, katikati ya vumbi la miaka yote ile, mwanamume akaanza kunong'ona.

Lilikuwa jambo la kushangaza jinsi ilivyokuwa wazi sasa. Maneno yalikuwa maneno. Consolate alisikia Kirundi cha zamani, neno hili akalikamata, lile likampita. Midomo ya mama yake ilikuwa ikienda nayo pamoja, haikosi hata pumzi moja.

"Anasema nini, mama?"

"Anamsifu ng'ombe wake. Ng'ombe mwenyewe mkorofi, hana hata maziwa." Bibi akacheka kicheko kidogo, machozi yanampita mashavuni. "Alimpenda kuliko mimi."

Na kwa kuwa mdomo uliofungwa miaka hamsini na zaidi ulikuwa umefunguka, ukaendelea. Alisema walikuja wageni na mashine ya kunasa sauti, wakakaa nyumbani kwake jioni moja. Watu walijaa mlangoni. Mkubwa wa wageni akamwona Irambona na mtoto mgongoni, akasema huyu atoke nje, mtoto atalia, ataharibu kazi.

"Nikaanza kutoka. Petero akaiweka inanga chini. Akawaambia, akitoka mtoto wangu, na mimi natoka. Wakabishana na mkalimani wao weee, mwisho wakakubali. Nikakaa nyuma yake, karibu kama nilivyokaa na wewe hapa."

"Mtoto yupi?" Consolate akauliza, na swali lenyewe likamshangaza.

"Kwani nilikuwa na wangapi? Mwananje, mwanangu, ni wewe."

"Miaka yote nasema sijawahi kumsikia baba yangu."

"Nani kakwambia hujamsikia? Ulimsikia kila jioni. Ulikuwepo."

"Nililia?"

"Hukulia. Ulikuwa na mafua tu."

Hamdani alikuwa amebaki kapiga goti palepale. Aliposikia neno mafua kichwa kilimwinuka. Akatazama sindano: ilikuwa imekwisha sogea karibu na katikati, upande unaelekea kwisha. Akainua mkono. "Sikilizeni," akasema.

Mnong'ono ukashuka. Nyuzi zikazunguka mara ya mwisho, zikarudi palepale. Na hapo, karibu sana, kavu, mara moja tu: kh-kh.

Mnong'ono ukasita kidogo, kama mtu aliyegeuka kutazama nyuma yake, kisha ukaendelea mpaka mwisho.

Santuri ikabaki ikizunguka bure. Bibi Irambona hakuliondoa shavu lake kwenye spika. Consolate alikuwa ameshika kifua chake mwenyewe kwa kiganja.

"Fundi," akasema. "Rudisha pale nilipokohoa."